Mashine ya rola na sabuni yake, msije mkafanya nilichofanya mimi

Mwaka juzi mwezi wa tatu tulienda mnadani huku Lancaster, Pennsylvania, ile minada ya zimamoto wa vijijini wanaiita minada ya matope kwa sababu inafanyika barafu ndo inayeyuka, unarudi nyumbani viatu vizito kama umetoka kulima mpunga. Tulifuata meza, tukarudi na mashine ya kufulia ya rola, ya kampuni ya Maytag, na mume wangu njia nzima kimya.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, ni pipa la kufulia lenye miguu minne, katikati kuna kishina chenye mapezi kinazunguka nusu kulia nusu kushoto, alafu juu pembeni kuna rola mbili za mpira zimebanana, unapitisha nguo katikati inatokea upande wa pili imekauka nusu na imekuwa bapa kama chapati. Hakuna kuspini, maji unajaza mwenyewe unamwaga mwenyewe, kusuuza unasuuzia kwenye mabeseni pembeni. Maytag waliacha kuzitengeneza 1983 kwahiyo hata iliyo changa kabisa ni mtu mzima mwenye watoto. Ila Waamish wa huku, wale Wakristo wanaoishi kizamani bila umeme wa gridi, bado wanafulia hizo hizo kila Jumatatu, wanaondoa mota ya umeme wanaweka injini ya petroli au upepo wa kompresa, ndo maana mpaka leo sijahangaika vipuri.

Sasa sabuni. Mimi nimekulia Morogoro, kwetu kufua ni beseni tatu na povu, mama akipita akakuta beseni halina povu anakuuliza unafua au unalowesha. Kwahiyo siku ya kwanza nikachukua sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono niliyonunua duka la vitu vya nyumbani, nikamwaga ngumi mbili, nikawasha. Jamani. Dakika tatu povu limefika ukingoni, dakika ya nne liko sakafuni linaelekea kwenye waya, nikakimbia kuchomoa plagi ukutani ndo nikarudi kushangaa. Sabuni za mkono zimetengenezwa zitoe povu, alafu yale mapezi yanapiga hewa ndani ya maji kama unapiga mayai, sasa utegemee nini. Na povu likizidi nguo zinaelea tu hazisuguani, hazitakati, ukizipeleka kwenye rola zinateleza, ukizisuuza beseni la kusuuzia nalo linageuka la kufulia. Nilisuuza mara tano siku ile.

Nikahamia upande wa pili, sabuni zenye alama ya HE za mashine za kisasa zinazotumia maji kidogo, zile povu lake ni dogo sana. Zinafua vizuri, ila ukitumia rola utakuja kugundua kitu kimoja: povu kidogo unalihitaji, sio kwa ajili ya usafi, ni kwa ajili ya kujua saa ngapi. Maana maji ni yale yale, unaanza mashuka meupe, unayatoa, unaingiza za rangi, unazitoa, unamalizia na maovaroli ya mzee, na kila zamu sabuni inaliwa. Likiwepo povu la unene wa kidole juu ya maji ujue bado ina nguvu. Likifa kabisa, uchafu uliotoka kwenye nguo unarudi kukaa kwenye nguo na ndo pale mashuka yanakuwa na ile rangi ya jivu. Kwahiyo hapa sabuni unaichagua kwa kuangalia zamu ya pili na ya tatu, ya kwanza hata sabuni mbovu inaiweza. Na zile za vidonge zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki achana nazo, huwezi kuongeza nusu kidonge.

Wazee wa mnadani watakuambia Tide ya unga na yamekwisha, na wana haki yao, Tide ilitoka 1946 enzi ambazo mashine za rola zilikuwa kwenye nyumba nyingi. Ila ile ya kwao ilikuwa na fosfeti, inashika chokaa ya maji, na fosfeti ilishatolewa kwenye sabuni za kufulia Marekani miaka ya 90. Maji ya huku ni magumu, chini kote ni mawe ya chokaa, ukijaribu sabuni ya mche unapata utando mweupe unaogandia nguo.

Hapo ndo nikajifanya mjanja. Nikaambiwa weka soda ya kufulia, nikaisoma kwenye boksi nikaona ah, hii si ndugu yake magadi, naijua toka utotoni, nikaweka kikombe kizima na maji ya moto. Pipa langu ni la alumini. Kumwaga maji nakuta ndani kumefubaa kumekuwa cheusi cheusi na foronya mbili zina michirizi ya kijivu. Nikampigia picha mama nikamtumia, akajibu kwa sauti, anacheka: "We mtoto, sufuria la makande hujawahi kulisugua?" Nililisugua miaka yote ya shule ya msingi! Sufuria la alumini ukipikia magadi linakuwa jeusi, na mimi nimekuja kuvuka bahari nilifanye lile lile. Pipa la enameli halina shida hiyo, weka magadi yako kwa raha. La alumini hapana. Jiki nayo niliitoa, inakula alumini na inaharibu mpira wa rola, nguo nyeupe zikihitaji nazilowesha kwenye ndoo pembeni na kuzisuuza kwanza.

Saa hizi natumia ya maji, ya HE, isiyo na harufu. Pipa langu linaingia ndoo tatu za lita 20 na kidogo, naweka kifuniko kimoja, kabla ya maovaroli naongeza nusu. Maji ya moto ule ambao mkono unavumilia, yakichemka unaua vimeng'enya, vile vinavyokula uchafu kwenye sabuni, na ndo ulivyovilipia. Beseni la kwanza la kusuuza siki kikombe kimoja, la mwisho matone ya buluu kama ni mashuka, ile ya Mrs. Stewart's, iko sokoni toka 1883 na inafanya kazi ile ile ya buluu ya shati la shule.

Jirani yangu Mkongo wa Bukavu siku hizi Jumamosi analeta mashuka yake tunafua pamoja. Vitenge vipya anavyoleta vinaingia mwisho kabisa, nyuma ya maovaroli, hata aniambie ni cha harusi.

Na ukimaliza legeza rola. Ukiziacha zimebanana wiki nzima mpira unaingia bonde.