Irabu u imetulia hatimaye

Mchoro wa irabu, unaoonyesha kila irabu hutamkiwa wapi kinywani, umetoka safi! Wasemaji wote wa Kimvita (lahaja ya Mombasa) na Kiunguja (ya Zanzibar mjini) niliowarekodi, irabu zote tano, na u imekaa mahali pake, juu na nyuma. Kabla ya hapo nusu ya nukta zake zilikuwa zikirukia upande wa i.

Tatizo lilikuwa hilo tu, na limenitesa. Formanti ni masafa yanayovumishwa zaidi na kinywa na koo, na mbili za kwanza ndizo hutambulisha irabu. Za u hukaribiana mno, zote chini ya Hz 1000. Ukiiachia Praat, programu ya kuchanganua sauti, mpangilio wake wa kawaida, yaani itafute formanti tano chini ya kikomo cha Hz 5500, kwa mwanamume mwenye sauti nzito huzihesabu kuwa moja, kisha hukupa ya tatu kana kwamba ni ya pili. Ukishusha kikomo, u inatengemaa, lakini i inazuliwa formanti isiyokuwepo. Kwa wanawake balaa ni jingine: sauti ikipanda hadi Hz 250, harmoniki (vizidishi vya masafa ya sauti hiyo) nazo huachana kwa Hz 250, na formanti ya kwanza huvutwa na iliyo karibu nayo.

Dawa ni kuacha kutafuta kikomo kimoja. Skripti sasa inajaribu vikomo vingi, Hz 4000 hadi 6000 kwa wanaume na 4500 hadi 6500 kwa wanawake, na kwa kila irabu ya kila msemaji inachagua kile kinachotawanya vipimo kidogo zaidi. Baada ya hapo ndipo nasawazisha kwa njia ya Lobanov, inayopima kila irabu kwa kulinganisha na wastani na mtawanyiko wa msemaji mwenyewe, ili urefu wa koo la mtu usije ukadhaniwa kuwa lahaja.

Haya yote nimeyaandika kwa Parselmouth, maktaba inayokuwezesha kuitumia Praat ndani ya lugha ya Python. Praat naipenda kwa kutazama spektrogramu (picha za masafa ya sauti kadiri muda unavyopita), ila lugha yake ya skripti inachosha mno. Python inakuachia akili ya kufikiria sauti zenyewe.

Nilipanga kufuatisha irabu za vijana na wazee. Itangoja, kwa sababu nikikagua spektrogramu za Kimvita nimenaswa na p: paa wa porini ana mpumuo mrefu baada ya midomo kufunguka, paa la nyumba halina. Nimeshaanza kupima muda huo, tangu mpasuko hadi nyuzi za sauti zinapoanza kutikisika. Nitakaa zaidi kwenye t, maana Kimvita kina t ya meno na t ya ufizi, na kila moja ina mwenzake wa mpumuo.