Mboga za Ndoo na Chumvi ya Visima vya Dar es Salaam

Wengi wanaotaka kupanda mboga nyumbani hapa Dar es Salaam huanza kwa kuuliza ni chombo gani kinachofaa: ndoo, kiroba, beseni lililopasuka au tairi kuukuu. Kwa maoni yangu chombo ndilo jambo jepesi kuliko yote, kwa kuwa chochote chenye kina cha sentimita 20 hivi, kilichotobolewa chini na ambacho hakikuwahi kubeba dawa wala kemikali, kitaotesha mchicha. Linalostahili kutangulia ni suala la maji, kwa sababu mitaa yetu mingi hupata maji ya bomba kwa mgawo, na pengo hilo huzibwa na visima virefu ambavyo maji yake, hasa katika maeneo yaliyo karibu na bahari, mara nyingi yana chumvi.

Shambani, masika huipunguza chumvi hiyo, maana mvua za Machi hadi Mei huizamisha chini kuliko mizizi inakofika. Ndani ya ndoo ya lita 20 haina pa kuzama. Kila unapomwagilia, maji hunyonywa na mmea na kutokea kwenye majani, mengine hukaushwa na jua, lakini chumvi iliyokuja nayo hubaki katika udongo uleule mchache, ikazidi kujilimbikiza hadi utando mweupe ukajitokeza kwenye kingo za ndoo na ncha za majani zikaanza kukauka. Hapo mwenye bustani hudhani mmea una kiu, akauongezea kikombe cha maji yaleyale. Au hudhani umekosa rutuba, akauwekea samadi ya kuku, ambayo nayo ina chumvi yake, na ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Maji ya kidogo kidogo ndiyo yanayodhuru zaidi. Ni afadhali kumwagilia kwa wingi mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini, kwani hata maji yenye chumvi kiasi huweza kuondoka na sehemu ya chumvi iliyokwisha kurundikana katika udongo, ilimradi ndoo isikalishwe kwenye sahani inayoyarudisha. Maji yaliyooshea mchele yanafaa. Ya kufulia hayafai, kwa kuwa sabuni huongeza tatizo lilelile. Mwenye bati na pipa akinge maji ya mvua na kuyatunzia miche, kwa sababu mche mchanga ndio unaoumia mapema.

Jambo la pili ni kuchagua mboga kulingana na maji uliyonayo. Spinachi yetu ya majani mapana na mashina meupe ni ya jamii moja na biitiruti, na jamii hiyo inajulikana kwa kustahimili chumvi kuliko mboga nyingi. Maharage, karoti na vitunguu ni dhaifu mno, na sioni sababu ya kuvitesa. Matembele nayo huhitaji maji mazuri, ingawa huota kwa urahisi kwa marando tu. Nyanya huvumilia kiasi, lakini tangu kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya, aripotiwe nchini mwaka 2014, anayezipanda hana budi kukagua majani mara kwa mara na kuyaondoa mapema yale yenye michirizi.

Ninasisitiza kupanda mboga nyumbani kwa sababu najua mboga nyingine sokoni zinatoka wapi. Tafiti zilizofanywa katika bonde la Mto Msimbazi zimekuta madini mazito, yakiwemo ya risasi, katika mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mto huo, na madini hayo hayaondoki yote kwa kuosha. Mchicha wa nyumbani, unaovunwa ndani ya wiki tatu hadi nne, unakupa uhakika wa udongo na maji yaliyoukuza, na kwa familia yenye watoto wadogo uhakika huo una thamani kubwa.

Udongo uliochoka usiutupe. Masika yanapoanza, umwage juu ya viroba vilivyotobolewa mahali palipo wazi, mvua iuoshe. Mvua hiyo itaondoka na chumvi pamoja na sehemu ya rutuba, kwa hiyo kabla ya kuurudisha kwenye ndoo changanya debe mbili za udongo huo na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, kisha uache wiki moja kabla ya kusia mbegu.