Greda ilikuwa inagoma gia, sensa haikuwa na kosa

Tajiri alinipigia akiwa ameshanunua sensa mbili za kasi ya giaboksi, yaani vifaa vinavyoisomea kompyuta ya greda kasi ya shafti. Ya kwanza ilifungwa, greda ikaendelea kugoma. Ya pili ikafungwa, ikafanya kazi asubuhi nzima, mchana ikarudia ugonjwa uleule. Kwake jibu lilikuwa moja: ameuziwa feki zote mbili. Nilimwomba asiagize ya tatu kabla sijafika.

Mashine ilikuwa upande wa Sengerema. Zamani kazi ya huko ilimaanisha kulala macho kwenye foleni ya kivuko Kigongo na boksi la spana mapajani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, unatoka Mwanza asubuhi na saa nne umeshafungua boneti.

Opareta alikuwa mzee wa makamo, mtulivu. Tulipomaliza salamu zetu za Kisukuma, mwangaluka, akanieleza: "Ikipata moto tu, inang'ang'ania gia ya pili. Ikipoa inakubali." Maelezo ya namna hii ndiyo yanayouza sensa. Ni kweli koili ya sensa ikichoka inaweza kukatika kwa joto na kushika tena ikipoa, kwa hiyo fundi aliyenitangulia hakuwa mjinga. Lakini mimi sipendi kuuliza tatizo linatokea saa ngapi, napenda kuuliza mashine inakuwa inafanya nini.

"Mzee wangu, asubuhi unafanya kazi gani?"

"Nasambaza kifusi."

"Na mchana?"

"Nachonga mtaro. Hapo naikunja, tairi za nyuma zisije zikashuka mtaroni."

Nikamshukuru. Asubuhi greda imenyooka, mchana imekunjwa. Kabini ya greda hii imekaa fremu ya mbele na giaboksi iko fremu ya nyuma, maana yake waya zote za sensa zinavuka pale senta pini, kiungo cha katikati ambapo fremu hizo mbili hujikunja, mahali pekee ambapo waya hukunjwa kutwa nzima.

Lakini dhana si ushahidi. Skrini ilikuwa na namba ya hitilafu 191 yenye mkia wa 2. Kwenye J1939, mfumo wa mawasiliano ya kompyuta ambao mitambo mingi mikubwa inautumia, 191 ni kasi ya shafti ya kutokea giaboksi, na mkia ndio unaoeleza aina ya hitilafu: 5 ni saketi kukatika, 8 ni mapigo yasiyo ya kawaida, 2 ni taarifa inayorukaruka au isiyoeleweka. Hakuna mkia unaosema "badilisha sensa". Namba inakutajia mzunguko mzima, yaani sensa, plagi, waya na kompyuta yenyewe. Kompyuta ikikosa kasi ya shafti hiyo haithubutu kupandisha gia, inabaki pale ilipo.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhitaji hata mita. Giaboksi ile ina sensa nyingine ya kasi yenye namba ya spea ileile, nikazibadilishana nafasi. Ingekuwa sensa ni mbovu, hitilafu ingehama nayo. Mzee akaendesha, akaikunja, 191 ikarudi palepale. Sensa zikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Hizi zilikuwa sensa za waya mbili, za sumaku na koili. Hazipelekewi umeme, zinazalisha zenyewe umeme mdogo wa AC kila jino la gia linapopita mbele ya ncha, na kasi ikiongezeka volti zinapanda. Hilo ndilo linalokuwezesha kuzipima kwa mita ya kawaida. Niliunga waya ndefu nyuma ya plagi ya kompyuta, bila kuichomoa, nikakaa na mita pembeni ya opareta. Greda ikinyooka volti zilipanda vizuri na mwendo. Alipoikunja kushoto, mita ikadondoka sifuri, ikaruka, ikadondoka tena. Alipoikunja kulia, hakuna shida. Nikahamishia waya zangu kwenye plagi ya sensa kule giaboksi, tukarudia mchezo: kunja kushoto, volti zimetulia tuli. Sensa inatuma, kompyuta haipokei.

Hapo nikazima injini, nikazima swichi kuu ya betri, tukafunga pini ya kuzuia fremu isikunjike. Sehemu ile inaweza kukuponda mtu yeyote akigusa kitu kabini, na tingo wetu alikuwa na mikono isiyotulia.

Kwa macho waya zilikuwa nzima. Nikachomoa pande zote mbili, nikapima kwa buza ya mita, ile inayolia waya ukiwa haujakatika: ikalia. Wengi huishia hapo wakarudi kwenye sensa. Buza inaridhika hata kama umebaki unywele mmoja wa shaba. Kwa hiyo nilipitisha umeme wa betri kwenye kila waya nikawasha balbu ya indiketa ya volti 24, wati 21. Waya wa kwanza, taa ikawaka vizuri. Wa pili ikawaka kwa unyonge, na nilipoukunja kwa mkono ikazimika. Kipimo hiki usikifanye plagi ya kompyuta ikiwa imechomekwa, utatafuta pesa ya kompyuta badala ya waya.

Kuipata sehemu yenyewe kulihitaji vidole. Nilifungua klempu iliyo karibu na senta pini nikawa nauvuta waya kipande kwa kipande. Sehemu moja, chini kabisa ya klempu, ganda likavutika kama mpira na kuwa jembamba: ndani shaba imekatika, kinachoshikilia ni plastiki tu. Nilipolichana nikakuta nyuzi chache zinagusana, nyingine zimeota kijani. Jirani yake kulikuwa na kitundu cha sindano. Kuna mtu aliwahi kupima kwa kutoboa ganda, na kwa mashine inayooshwa kwa presha kila wiki, maji yaliingia hapo. Tabia hiyo ya kutoboa waya siipendi kabisa.

Nilikata kipande chote kibovu kwenye waya zote mbili, nikaunga kwa viungio vya kubana na mrija wa joto wenye gundi ndani, viungo viwili visikae sambamba. Kisha nikazisokota waya zikazungukana kama zilivyotoka kiwandani. Zimesokotwa kwa sababu: ishara ya sensa ni ndogo, na waya zikiachana zinaokota kelele za umeme wa jirani. Klempu nikaisogeza, nikaacha waya ulegee kidogo pale pa kukunjia. Mzee akaikunja kushoto mpaka mwisho, akapandisha gia zote, 191 haikurudi.

Tajiri akaniomba niangalie na loda yake, nayo inaruka gia. Hii ilikuwa na sensa ya waya tatu, kwa hiyo sikupima omu (ukinzani wa umeme), hapo hakuna koili ya kupima. Nilihakikisha inapata umeme wake na negativu safi, halafu nikaifungua. Ncha ilikuwa imevaa ndevu za chuma, na si ule unga laini wa kawaida, vipande vyenye kung'aa ambavyo ukivisugua vinakwaruza kidole. Niliisafisha nikairudisha, na gia zikaingia vizuri. Tajiri akafurahi mapema. Nilimwambia loda isimame hadi filta ya giaboksi ichanwe tuone kilichomo, maana chuma kile kimetoka kwenye gia au beringi. Aliniuliza kama haiwezi kumalizia kazi ya wiki hii kwanza. Nikamjibu haiwezi, nikamwandikia namba ya filta.