Alhamisi yangu Iten: mimi ndiye wa kuchoma watu masikio

Saa kumi na moja alfajiri. Iten, mji wa wakimbiaji hapa Kenya, iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na baridi ya saa hii haina huruma. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya michezo, na kwa wanaoniulizaga hii nafasi niliipata wapi, haikubandikwa kwa notisibodi yoyote, nilibisha tu ofisini nikauliza dokta, kuna utafiti unahitaji mtu wa mkono? Nikaanzia kuosha maski za kupimia pumzi, hata sindano sikuigusa.

Saa kumi na moja na nusu tunachukua mapigo ya moyo ya wakimbiaji wa utafiti wakiwa bado kitandani, kabla ya chai. Wengi ni arobaini na kitu, mimi kupanda ngazi tu nishafika mia.

Saa tatu ni fatleki ya Alhamisi, dakika moja kali, dakika moja polepole, kundi refu mpaka vumbi la maramu linafunika barabara. Wetu wakimaliza wanakuja kando ya pikapu. Unapangusa ndewe ya sikio na spiriti, unangoja ikauke, unachoma, tone la kwanza unalifuta na la pili ndio linaenda kwa stripu ya mashine ya kupima lakteti, kitu kinachopanda kwa damu mtu akikimbia kwa nguvu, kwa sababu jasho lina lakteti yake na likiingia kwa damu namba inaruka tu. Halafu unamwonyesha kadi ya Borg, 6 (hakuna kazi) mpaka 20 (mwisho wa nguvu), aseme ameumia kiasi gani. Kuna kijana mmoja anahema vibaya, mashine inasoma lakteti 8, ya juu, yeye kwa kadi anasema 11, yaani kazi nyepesi.

"Kaka, una uhakika?"

"Daktari, leo ilikuwa rahisi."

Mimi si daktari, nimechoka kuwaambia. Na 11 nikaandika 11, maoni yangu hayana kolamu kwa fomu.

Kabla hujachoma mtu lazima awe amesaini kwamba amekubali na anaweza kujitoa saa yoyote. Hapo ndio kocha, mzee wa heshima zake, aliniuliza watu wa vipimo wamepita hapa wengi, majibu huwa yanaenda wapi? Darasani tunasoma tafiti za Bengt Saltin, mtafiti wa Uswidi, na wenzake za 1995, kwamba Wakenya hawakuwazidi sana wa Skandinavia kwa kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, ila kwa spidi ileile walitumia oksijeni kidogo zaidi. Sawa, lakini mzee hasomi majarida, na swali lake lina haki.

Saa nane ugali, managu na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kisha Excel mpaka macho yaume. Watu wawili tunaingiza data ileile kila mtu kivyake halafu tunalinganisha, majina hakuna, kila mkimbiaji ni namba yake ya siri tu.

Saa moja jioni natumia kila mkimbiaji majibu yake kwa WhatsApp, dokta alisema bila hiyo hakuna utafiti. Yule wa 11 akajibu hapo hapo: "8 ni mbaya ama ni poa?" Nikamtumia voisi ndefu ya kumweleza. Akasikiliza, akauliza kama Jumamosi kwa long rani tutakuja na chai.