Siku moja maishani mwangu: nahodha wa mashua ya Takwa

Saa kumi na moja alfajiri. Nikitoka msikitini sirudi kulala. Nateremka pwani kuangalia maji. Leo ni siku ya kumi na moja ya mwezi kwa hesabu ya Kiislamu, kwa hiyo maji yatajaa karibu na saa saba mchana, na kila nitakalofanya leo litafuata saa hiyo. Kesho yatachelewa kwa dakika kama hamsini, na keshokutwa vilevile. Ndiyo maana sina ratiba ya wiki ninayoweza kumwandikia mtu.

Saa kumi na mbili na nusu nimeshavua maji ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, na kubadilisha demani, kamba ya kuvutia tanga, iliyoanza kuliwa. Mpwa wangu kaleta makaa, samaki, mchele na nazi. Chai, mahamri na mbaazi. Saa tatu mashua iko gatini, imefagiliwa, jaketi za kujiokolea zimehesabiwa.

Hapa nieleze, kwa sababu najua tunavyotazamwa. Watu wengi wanaofika Lamu wakiona kijana amesimama gatini anauliza "safari ya mashua?" wanamweka fungu moja na wale wanaowaandama wageni njiani. Hata wazee wa mtaani kwetu wengine husema tunacheza. Mimi nilianza kwa kuvua maji kwenye mashua ya baba, nikaja kwenye kamba, nikaja kwenye tanga, na shikio, yaani usukani, sikupewa mpaka aliporidhika kwamba nazijua pepo za kaskazi na kusi, na najua fungu la mchanga limehamia wapi baada ya masika. Hiyo ni elimu, na haina cheti.

Wateja wa leo ni familia kutoka Nairobi: bwana, mkewe, watoto wawili, shemeji yake na mama mkwe. Tumekubaliana jana kwa simu: saa nne kamili gatini, twende Takwa upande wa pili wa kisiwa cha Manda, watembee magofuni, wale, turudi. Nilimweleza kwamba njia ya Takwa ni hori, mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na hupitika vizuri maji yakiwa juu tu. Akasema sawa kapteni.

Saa nne hawapo. Saa nne na nusu nikapiga simu, wanakunywa chai. Saa tano na robo wametoka, lakini wamepita dukani kutazama vikoi. Walifika saa sita kasorobo, na kabla hajakanyaga mashua yule bwana akafungua upya habari ya bei. "Hii haina hata mashine," akasema, "inaendeshwa na upepo, na upepo ni wa bure."

Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini neno lile lilinikaa kifuani siku nzima. Upepo ni wa bure, naam. Tanga si la bure. Pamba ya kukalafati, ya kuziba nyufa za mbao, si ya bure, wala sifa, mafuta ya papa ya kupaka mbao, wala deheni, mafuta na chokaa ya kupaka chini, wala siku ambazo mashua inakaa juu ya mchanga inatengenezwa na mimi sina mapato. Na kumjua huyo upepo kumenila ujana wangu. Tukabaki kwenye bei ya jana.

Kuvuka kulikuwa kuzuri, kaskazi ya wastani, watoto wakichezesha mikono majini. Mlangoni mwa hori tukatua tanga na mpwa wangu akashika upondo, mti mrefu wa kusukumia mashua. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi kazi yangu. Kelele za mitumbwi ya mashine zinabaki nyuma, mikoko inakubana pande zote mbili, na mtu yeyote, awe mgeni awe mwenyeji, hushusha sauti bila kuambiwa. Mama mkwe, mama wa makamo ya juu kutoka Murang'a, aliniuliza kila mti jina lake. Nikamwonyesha mkoko wenyewe na mizizi yake iliyosimama kama miguu ya kaa, nikamwonyesha mchu, muia, mkandaa. Nikamwambia zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na kwamba boriti za nyumba za mji wetu zimetoka humu. "Kumbe huu ni msitu," akasema. Ndiyo mama, ni msitu.

Tulifika saa saba na nusu. Maji yalikuwa yameshaanza kugeuka. Nikasema mbele ya wote: saa tisa kamili tuwe mashuani.

Takwa sichoki kuieleza. Mji ulistawi karne ya kumi na tano hadi ya kumi na saba, ukahamwa, na watu wa Shela mpaka leo huvuka kuja kuomba dua kwenye kaburi la mnara, lenye maandishi ya mwaka unaolingana na 1681 au 1682. Msikiti wa Ijumaa bado una kuta zake na nguzo juu ya kibla. Watoto waliuliza waliondoka kwa nini. Nikawaambia tunavyoambiwa sisi: visima viligeuka chumvi. Manda haina maji ya kunywa ya kutegemea, ilhali Shela ina matuta ya mchanga yanayohifadhi maji matamu, na mji wa Lamu unakunywa hayo hayo hadi sasa.

Saa nane na nusu wali wa nazi uko tayari na samaki wameiva. Kina mama na watoto wakala. Bwana na shemeji yake walikuwa wamepanda matuta kwenda kupiga picha upande wa bahari kuu. Saa tisa hawajarudi. Nikamtuma mpwa wangu. Akarudi peke yake: "Mjomba, wamesema dakika tano."

Walikuja saa kumi.

Sasa hesabu mwenyewe: muda wa saa tatu umepita tangu maji yaanze kupwa. Tulikwenda kidogo, mkuku, mti wa chini kabisa wa mashua, ukagusa. Tukasukuma kwa upondo, ukagusa tena, kisha mashua ikakaa. Nikashuka, mpwa wangu akashuka. Matope yalinifika mapajani, na chini yake kuna mizizi, na juu ya mizizi kuna chaza wakali wanaochana ngozi. Tukasukuma, tukapumzika, tukasukuma. Jua la magharibi usoni. Shemeji mtu akavua viatu akaja kusaidia bila kuombwa, na nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Bwana alibaki ameketi anauliza tutafika saa ngapi, na kwa nini sina mashine. Nikamwambia bwana, mashine haiendi juu ya matope. Sikuongeza neno. Kila hatua nilikuwa nayasikiliza maji, kwa sababu yakipungua shibiri nyingine tungelala pale na watoto, na mbu, mpaka usiku wa manane. Mama mkwe alikuwa anasema, "Pole baba, pole mwanangu," mara kwa mara, kwa sauti ndogo, na nilisukuma kwa ajili yake.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoelea. Jua lilikuwa chini. Tukatweka tanga, kaskazi imeshika nguvu, mashua ikakimbia mpaka gatini, watoto wakipiga makelele ya furaha kana kwamba hakuna lililotokea.

Gatini bwana akataka kupunguziwa, kwamba sikumwambia kuna matope. Mkewe akafungua mkoba, akanilipa zote, akamwambia mpwa wangu aende akasafishe miguu kwa maji ya chumvi na dawa. Wakaondoka.

Baada ya Isha nimeosha majeraha, nimetoa matope ngamani, nimekunja tanga. Mpwa wangu alilala juu ya mkeka kabla ya kula. Simu imelia, kundi jingine linataka Takwa kesho asubuhi, saa mbili. Nimewaambia saa mbili maji yatakuwa chini kabisa. Kesho ni saa tano gatini, na asiyefika saa tano nitampeleka Shela badala yake.