Siku moja na miwaridi ya Shangani

Saa kumi na mbili asubuhi niko Shangani, Mtwara, kopo mkononi. Mwaridi wa pwani unataka maji mapema, na unayataka shinani. Mche mkubwa naupa nusu ndoo, taratibu mpaka chini kulowe. Majani siyagusi. Madoa meusi yanayopukutisha majani huletwa na kuvu, na mbegu zake huota jani likikaa na maji saa saba hivi. Ukimwagilia juu kwa mpira jioni, umezipa usiku mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana magharibi nimeyaogesha, yakapendeza kweli."

"Yaogeshe asubuhi, bibi, jua liyakaushe. Jioni yaache."

Akanielewa. Mpira ukatundikwa msumarini.

Saa mbili napogoa. Mkasi naufuta kwa spiriti kila nikihama mche. Ua lililonyauka nalifuata hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, nakata mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Tawi jipya litaelekea huko, katikati pabaki wazi, kusi hili la Agosti lipite na kukausha umande.

Kwenye mwaridi wa pinki nikakutana na machipukizi yaliyojikunja, meupe kama yamepakwa unga. Ugonjwa wa ubwiriunga. Huku kwetu jina hilo hata mtoto analijua kwa sababu ya mikorosho. Kuvu wa waridi ni mwingine, ila tabia ni zile zile: anapenda chipukizi changa, mchana mkavu na usiku wenye unyevunyevu. Ncha zilizougua nakata na kuzitia mfukoni, hazibaki bustanini. Dawa ya salfa nayo inafaa, lakini inaniuma nikiona mtu anapuliza ile iliyobaki shamba la mikorosho jua la saa sita. Joto likizidi nyuzi 30 salfa huunguza majani, na mche mzuri unaharibika kwa dawa yenyewe.

Mchana napumzika, nakula.

Saa nane na nusu ni zamu ya udongo. Mchanga wa hapa haushiki maji wala mbolea, kwa hiyo naweka samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa, mbali kidogo na shina, halafu juu natandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Mche wa kubebeshwa, yaani waridi lililounganishwa kwenye shina la mwaridi mwingine, ulikuwa umetoa chipukizi chini ya kiungo. Hilo nang'oa kwa mkono hadi lilipoanzia, maana likikatwa tu hurudi, na likiachwa linanyonya nguvu yote ya waridi lenyewe.

Saa kumi jua limelegea. Nachanganya salfa ya maji kwa kipimo cha kwenye pakiti na kupuliza, juu na chini ya majani, upepo uyakaushe kabla ya magharibi. Mafuta ya mwarobaini hayagusi mche huu mpaka wiki mbili zipite. Yakikutana na salfa, jani linaungua.

Saa kumi na moja na nusu nakata maua ya harusi ya Chikongola kwenye miche ambayo haikupulizwa. Nachagua tumba ambazo petali za nje zimeanza kulegea, kwani zilizobana sana hazifunguki, na kila shina linaingia kwenye ndoo ya maji papo hapo. Bibi amebakiza matatu ya sebuleni kwake.