Shem, Andika Tunduma

Mwaka 2022 kampuni aliyokuwa akifanyia kazi shemeji yangu ilifunga kitengo chake cha forodha. Akarudi Tabata kwa mke na watoto, baada ya miaka mingi ya kuishi Tunduma, mpakani na Zambia, kwenye chumba cha kupanga. Dada akanipigia simu. "Mwenzako anatuma maombi kila siku, hakuna anayejibu. Wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Njoo." Kweli ndiyo kazi yangu. Natafuta watu wa kuajiriwa, na sehemu kubwa ya siku yangu naimalizia LinkedIn, mtandao ambao watu huweka wasifu wao wa kazi.

Nikaenda Jumapili na laptopu. Tulipomaliza kula nikamwomba anionyeshe wasifu wake. Picha ilikuwa ya harusini, imekatwa, bega la mtu mwingine bado linaonekana. Chini ya jina alijiita mtaalamu wa usafirishaji, basi. Kwenye maelezo aliandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba anajituma, ni mwaminifu, na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Yote ni kweli, namfahamu. Lakini maneno hayohayo nayasoma kila siku kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga mpakani hata kwa kupita.

Nikafungua ule upande ninaoutumia kazini, ambao makampuni huulipia, nikamsogezea kompyuta.

"Shem, leo wewe ndiye bosi. Una malori ya salfa yanapanda Lubumbashi, Kongo, na ya shaba yanashuka Dar. Huna mtu wa kukusimamia mpakani. Unamtafutaje?"

Hakuwaza hata kidogo. Akaandika Tunduma, akaongeza Nakonde ya upande wa Zambia, akaongeza Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, akamalizia na transiti, yaani mizigo inayopita kwenda nchi nyingine. Majina yakaja. Wengine aliwafahamu, na wawili kati yao yeye ndiye aliyewapokea na kuwafundisha kazi. La kwake halikuwemo.

Akaniuliza swali ambalo wengi hawaulizi: kwani hawa LinkedIn wanafaidika nini sisi tukijiandika bure? Nikamweleza kwamba Microsoft iliununua mtandao ule mwaka 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26, na pesa nyingi zinazoingia pale zinatoka kwa waajiri wanaolipa ili waweze kutafuta watu, kama alivyotafuta yeye dakika chache zilizopita. Anayetafuta huandika jina la kazi, jina la mahali, aina ya mzigo. Hakuna mwajiri anayeketi na kuandika neno "mwaminifu".

Hapo nilidhani tumeelewana, kumbe kikwazo kilikuwa kwingine. Shemeji ni mtu wa haya. "Mdogo wangu," akasema, "chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nianze kujisifu mbele za watu?" Sikuichukulia methali ile kwa wepesi, nimelelewa nayo hata mimi. Nikamwambia hata chema sharti kwanza kifike sokoni, na kwamba sihitaji ajisifu hata kwa neno moja. Nataka anisimulie alichokuwa akikifanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Akanyanyuka akaingia chumbani, akatoka na kaunta buku lenye jalada gumu, pembe zimelika. Mistari ilikuwa imepigwa kwa rula. Namba ya lori, namba ya tela, mzigo, siku lilipofika kwenye foleni, siku lilipovuka, na safu ya mwisho ameandika sababu ya kukwama: nyaraka hazifanani na mzigo, mtandao umekata, dhamana imekwisha muda, dereva mgonjwa. Kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko uleule mdogo. Unaona kabisa miezi ambayo foleni ilifika hadi Mpemba, na unaona namna siku za malori yake kukaa pale mpakani zilivyoanza kupungua baada ya kuamua kukagua nyaraka zote kabla lori halijatoka Dar, zaidi ya kilomita 900 nyuma. Kile kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, alikuwepo, na utaratibu ulivyobadilika ameuandika humo humo.

Niliguswa sana. Mtu ana hazina kama ile kabatini, halafu ulimwengu unasoma kwamba "anajituma".

Tukaanza upya. Mstari wa chini ya jina una nafasi ya herufi 220, tukaweka forodha, mizigo ya transiti, shaba na salfa, Dar es Salaam, Tunduma, Kasumbalesa. Maelezo tukayaanza na kazi yenyewe, kwa sababu mistari michache ya mwanzo ndiyo inayoonekana, iliyobaki mpaka mtu abonyeze. Takwimu zote zilitoka kwenye daftari. Kabla ya kugusa chochote nilimzimia ile taarifa inayowatangazia watu kila unapobadilisha kitu, maana hakutaka wenzake wamwone akihangaika.

Kwenye lugha alikuwa ameweka Kiingereza peke yake. Nikashangaa. Kiswahili chake kingemfikisha Lubumbashi, na Kinyamwanga, lugha aliyozaliwa nayo, kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka ule. "Hizo nazo zinaandikwa?" Zinaandikwa, shem. Tukaziandika zote, pamoja na Kifaransa chake cha kuombea maji.

Picha dada aliipiga mwenyewe barazani, shati limepigwa pasi. Kilichomwia kigumu zaidi ni kumwomba mtu amwandikie ushuhuda. Alifuta ujumbe na kuuandika tena, mwishowe akamtumia mteja wake wa zamani wa Lubumbashi, akimkumbusha mzigo mmoja ulionasa kwa kosa la uzito na jinsi walivyouokoa. Yule bwana akajibu usiku uleule, akausimulia mkasa wote kwenye wasifu wa shemeji kwa Kifaransa.

Wa kwanza kumtafuta walikuwa matapeli, wakitaka atume pesa ya "usajili wa usaili". Dada aliwazuia haraka; mwajiri wa kweli haombi hela. Baadaye ikaja simu kutoka kampuni yenye malori ya shaba. Msaili alikuwa mama wa Katanga, eneo la huko Lubumbashi, alianza kwa Kifaransa, alipoona lugha zimepishana akahamia Kiswahili cha kwao, na swali lake la kwanza lilikuwa juu ya ule mzigo wa uzito. Shemeji akaenda kulichukua kaunta buku akamsomea tarehe.

Walimpa mkataba. Aliomba kituo chake kiwe Tunduma, na safari hii watoto walipofunga shule, dada na watoto wakamfuata hukohuko.